Mzee mnung'unikaji anayemeza dawa zake

(Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya mkutano wa wastaafu mjini Tanga. Walioukosa mkutano waliniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu yalivyokuwa, nikapunguza marudio.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu Katibu, wazee wangu, kaka zangu na dada zangu. Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na ambaye sijamgusa kwa salamu hizo, habari za asubuhi. Shikamooni wazee.

Katibu aliponipigia simu alinipa mada moja tamu sana: "Furahi, uishi miaka mingi." Nikamwuliza, Katibu, hiyo ni mada au ni tangazo la soda? Watu hawa wamehangaika na mafao, wamepigishwa hesabu za kikokotoo cha pensheni mpaka wengine wamejua hesabu ambazo shuleni ziliwashinda, halafu mimi muuguzi nisimame mbele yao niwaambie wacheke? Akasema, mama njoo tu, utasema unayoyajua. Basi nimekuja. Nimefanya kazi ya uuguzi mpaka nikastaafu, sehemu kubwa kwenye kliniki za presha na sukari, na mambo haya ya kutazamia mema na kutazamia mabaya nimeyaona yakiingia mlangoni na kadi mkononi. Pia nimeyasoma. Waliyoyapata watafiti si madogo, ila yanasimuliwa nusu.

Nianze na masista.

Mwaka 1930, mkuu wa shirika la School Sisters of Notre Dame huko Marekani aliagiza masista wake vijana waandike kila mmoja historia fupi ya maisha yake. Karatasi moja tu, maneno kati ya 200 na 300, kwa mkono. Umezaliwa wapi, wazazi wako ni nani, umesoma wapi, nini kilikuleta utawani. Wengi walikuwa na miaka 20 na kitu. Wakaandika, karatasi zikahifadhiwa.

Miaka kama 60 ikapita. Mtafiti mmoja, David Snowdon wa Chuo Kikuu cha Kentucky, alikuwa akiwafuatilia masista wa shirika hilohilo, sasa wakiwa vikongwe, kuchunguza ugonjwa wa kusahau uzeeni. Masista 678 walikubali kupimwa akili mara kwa mara, na wakakubali pia ubongo wao uchukuliwe wakishafariki. (Hebu fikirieni kumwomba bibi yako jambo hilo.) Katika kupekua kumbukumbu za nyumba za shirika, zile karatasi zikapatikana. Mwenzake, Deborah Danner, akazichukua 180, zikasomwa sentensi kwa sentensi, kila neno la furaha, shukrani, upendo na matumaini likahesabiwa. Wasomaji hawakuambiwa nani yu hai na nani amekufa.

Sista mmoja ameandika tarehe aliyozaliwa, kwamba ni wa kwanza kati ya watoto saba, kwamba mwaka wa majaribio alifundisha kemia na Kilatini, na kwamba kwa neema ya Mungu atafanya awezavyo kwa ajili ya shirika. Basi. Mwingine ameandika kwamba Mungu alimwanzishia maisha vizuri, kwamba mwaka uliopita umekuwa wa raha kubwa kwake, na kwamba anaingoja kwa furaha siku ya kuvikwa vazi la utawa. Ukizisoma zote mbili utasema hawa wote ni masista wema, na ndivyo. Yule wa kwanza hata hajanung'unika. Lakini matokeo yalipotolewa mwaka 2001, robo ya masista ambao karatasi zao zilikuwa na furaha kidogo kabisa walionekana kuwa na hatari ya kufa mara 2.5 kuliko robo ya wale ambao karatasi zao zilijaa furaha. Na hapo tunahesabu vifo vya uzeeni, kati ya miaka 75 na 95, si vya ujanani.

Kwa nini watu wa utafiti walikipenda sana kisa hiki? Kwa sababu masista wanaishi sawa. Jiko moja, ratiba moja, kazi ileile ya ualimu, matibabu yaleyale. Havuti sigara huyu wala yule. Hakuna mwenye mume mlevi, hakuna mwenye mkwe mkorofi. (Hapa akina mama walipiga makofi, na akina baba wakatazama dari.) Ukikuta tofauti ya urefu wa maisha kati ya watu wa namna hiyo, huwezi kuisukumia kwenye mshahara wala chakula.

Na si masista peke yao. Katika hospitali ya Mayo Clinic, kule Rochester, Minnesota, wagonjwa 839 walijaza dodoso la tabia kati ya mwaka 1962 na 1965. Miaka 30 baadaye wakatazamwa nani yupo. Kila alama 10 za kuzidi kutazamia mabaya ziliambatana na nyongeza ya asilimia 19 ya hatari ya kufa. Mwaka 2019 wakaja wauguzi wenzangu wa Marekani, wanawake 69,744, pamoja na wanaume 1,429 waliopata kuwa wanajeshi. Wenye matumaini zaidi waliishi kwa wastani asilimia 11 hadi 15 zaidi ya wenye matumaini kidogo. Mwaka 2022 ukatoka mwingine wa wanawake zaidi ya 159,000, weupe, weusi, wenye asili ya Asia na Amerika ya Kilatini, na jambo likaonekana kwa wote, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi: asilimia 5 na kitu.

Nilipofika hapo, mwalimu mmoja mstaafu aliyekaa mstari wa mbele alininyooshea kidole. Walimu hawastaafu kunyoosha vidole. Akasema, "Mama, kipi kilitangulia? Huyo mwenye afya si lazima atakuwa na furaha? Mimi magoti yakiuma siwezi kutazamia mema hata ya saa saba mchana."

Mwalimu alikuwa amegusa penyewe. Waingereza walikuwa na uchunguzi mkubwa wa wanawake, ule unaoitwa wa wanawake milioni moja. Wakawachukua zaidi ya 700,000 kati yao, wakawauliza wana furaha kiasi gani, wakawafuatilia kama miaka 10. Mwanzoni ikaonekana kweli, wasio na furaha wanakufa zaidi. Lakini walipoweka pembeni ugonjwa ambao mtu alikuwa nao tayari siku alipoulizwa, na sigara, na hali ya maisha, tofauti ikayeyuka. Jarida la Lancet lilichapisha Desemba 2015: ugonjwa ndio unaoondoa furaha, na ugonjwa huohuo ndio unaoua. Huzuni peke yake haikuonekana kuua mtu. Kwa hiyo mtu akikutumia ujumbe wa WhatsApp kwamba tabasamu moja linaongeza siku, mshukuru, kisha uendelee na shughuli zako.

Zaidi ya hapo, kuna walioonyesha kinyume kabisa. Mwaka 1921 huko California, Lewis Terman alianza kufuatilia watoto kama 1,500 wenye akili sana. Wazazi na walimu waliulizwa tabia za kila mtoto. Waliofuatilia vifo vyao miongo mingi baadaye walikuta kwamba watoto waliotajwa kuwa wachangamfu na wacheshi, ndio waliokufa mapema kwa wastani kuliko wale makini. Aliyeishi sana ni yule mwangalifu, mwenye kupanga mambo yake, yule ambaye darasani tulikuwa tunamwona hana raha. Na Ujerumani, kwenye utafiti uliotolewa mwaka 2013, wazee waliojikadiria kwamba maisha yao ya mbele yatakuwa mazuri kuliko yalivyotokea kuwa, walipata ulemavu na kufa zaidi kuliko waliokadiria kwa tahadhari.

Sasa mtaniambia, mama umekuja kutuchanganya. Masista wenye furaha wanaishi, watoto wenye furaha wanakufa. Tushike lipi?

Mimi nimeshika la Australia. Kati ya mwaka 1993 na 1995, Waaustralia karibu 3,000 wenye umri wa zaidi ya miaka 50 walijibu maswali ya aina hii: je, mara nyingi unatarajia mambo mema? Na tena, kwa swali la pekee: je, unaona mambo yakiweza kuharibika yataharibika tu? Wakatenganisha majibu. Mwaka 2020 walipotoa matokeo wakitazama nani amekufa, ilionekana kwamba wenye alama nyingi za kutazamia mabaya walikufa mapema zaidi. Lakini alama nyingi za kutazamia mema hazikumwongezea mtu kitu. Maana yake, haya si ncha mbili za mti mmoja. Mtu anaweza asiwe mchangamfu hata kidogo na bado asiwe mkata tamaa. Huyo hana shida. Mwenye shida ni aliyekwisha kata tamaa.

Niliposoma hilo nilitulia kabisa, kwa sababu ndilo nililoliona kliniki.

Alikuwepo baba mmoja, fundi seremala, nitamwita Fundi. Presha yake siku ile ilikuwa 190 juu ya 110. Nikamwuliza, "Fundi, zile dawa za mwezi uliopita?" Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi ya vidonge. Imekunjika kwa kukaa mfukoni, na ina matundu matatu tu. Vingine vyote vimo. Nikasema, "Umemeza vitatu?" Akasema, "Sista, baba yangu alikufa kwa presha na miaka 58. Kaka yangu hivyohivyo. Mimi nina 56. Vidonge vya nini? Siku ya kufa nyani miti yote huteleza."

Sasa mtu wa namna hiyo hafi kwa huzuni. Hakuna hewa mbaya inayotoka kwenye huzuni yake ikaingia moyoni. Anakufa kwa vile vidonge vilivyobaki kwenye karatasi. Akili yake imeshatoa hukumu, na mkono unaitii. Hafiki kliniki, hapunguzi chumvi, haachi sigara, hatembei, kwa sababu vyote hivyo hufanywa na mtu anayedhani kesho ipo. Wale watafiti wa wanawake 159,000 walijaribu kupima kiasi gani cha tofauti kinatokana na mwenendo wa namna hii, mazoezi, chakula, sigara, pombe, wakakuta karibu robo. Mimi nadhani kwetu ni zaidi ya robo, kwa sababu kwetu dawa ya kila siku inategemea mgonjwa mwenyewe aamue kupanda daladala kuifuata. Hilo ni dhana yangu ya kliniki, msiliandike kama utafiti. Sehemu nyingine wanaisema ni ya mwili wenyewe: mtu wa wasiwasi wa kudumu anatoa homoni ya kortisoli kila wakati, moyo unakwenda mbio bila sababu, usingizi unakatika, mishipa inachoka.

Fundi sikumwambia afurahi. Angenishangaa. Nilimwambia, "Huamini utapona, sawa. Mimi sitaki uamini. Nataka uniletee karatasi tupu mwezi ujao. Kama ni kufa, kufa ukiwa umemaliza vidonge vya serikali." Akacheka kwa hasira. Mwezi uliofuata aliileta tupu, na presha ilikuwa 150 na kitu. Tukaendelea hivyo. Mpaka nastaafu, Fundi alikuwa na miaka 60 na zaidi, bado anakuja, na kila mwezi bado ananitangazia kifo chake. "Sista, nadhani mwaka huu ndio wa mwisho." Hewala, kunja mkono wa shati tupime.

Ukiniuliza mimi, namtaka mzee mnung'unikaji anayemeza dawa zake kuliko mcheshi asiyemeza.

Kuna kutazamia mabaya kwingine ambako ni kwa dawa yenyewe. Hapa humu wapo, msinitazame hivyo. "Dawa ya presha ukiianza huiachi." "Dawa ya presha inaua nguvu za kiume." Mtu anaimeza akiwa ameshajiandaa kudhurika, na kweli anadhurika: kichwa kinauma, miguu inachoka, anaacha. London, katika Imperial College, walifanya jambo la akili sana, matokeo yakatoka mwaka 2020. Walichukua watu 60 ambao walikuwa wameacha dawa za kupunguza mafuta kwenye damu, zile za statini, kwa sababu ziliwaumiza. Wakawapa kila mmoja chupa za mwaka mzima, chupa moja kila mwezi: miezi minne dawa ya kweli, miezi minne kidonge kisicho na dawa ndani, miezi minne chupa tupu. Mpangilio umechanganywa, na kidonge cha kweli na cha bure havitofautiani kwa macho. Kila siku mtu anaandika kwenye simu maumivu yake ni kiasi gani. Ilionekana kwamba asilimia 90 ya maumivu waliyoyapata wakimeza dawa, waliyapata pia wakimeza kidonge kisicho na kitu.

Wale watu hawakuwa waongo. Maumivu yalikuwa ya kweli, misuli iliuma kweli. Ila yaliletwa na kungoja kuumia. Walipoonyeshwa majibu yao wenyewe, nusu yao walirudi kwenye dawa. Sisemi dawa hazina madhara. Zipo zinazovimbisha miguu, zipo zinazoleta kikohozi, na mtu akiniambia hivyo namwandikia arudi kwa daktari abadilishiwe. Nasema kabla hujaitupa, rudi useme.

Na wauguzi na madaktari tuna sehemu yetu hapa, tuna sehemu kubwa. Mgonjwa anapimwa, muuguzi anashtuka kwa sauti: "Mama! Hii presha mbona unatembea bado? Utapasuka kichwa!" Mgonjwa anatoka pale ameshajiona maiti. Nimefanya kazi na wenzangu waliokuwa wanasema hivyo kila siku, na walidhani wanamsaidia mgonjwa kuogopa ugonjwa. Aliyeogopeshwa sana harudi. Anarudi aliyeambiwa, "Imepanda, lakini inashuka, na nitakuonyesha namna."

Nigeukie upande wa pili, wa matumaini yaliyozidi, maana Katibu asije akadhani nimemwachia mada yake yote.

Mnaikumbuka Loliondo. Mwaka 2011, kijiji cha Samunge, wilaya ya Ngorongoro. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, Babu, alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya mti inayoponya UKIMWI, sukari, presha, saratani. Kikombe kimoja, shilingi 500. Nchi nzima ilipanda magari. Foleni ya magari ikawa ya kilomita na kilomita porini, viongozi walikwenda, watu walitoka Kenya, walitoka mbali. Hapa Tanga mabasi yaliondoka, nina hakika humu ndani wapo waliokunywa. (Mikono kadhaa ilinyooshwa, mmoja kwa fahari.) Shikamoo mzee, naona umerudi salama.

Babu amefariki mwaka 2021, sina ugomvi na marehemu, na hakumtoza mtu utajiri. Ninachokikumbuka mimi ni yaliyotokea baadaye. Watu walitoka hospitali wakiwa na dripu kupelekwa kule, wapo waliofia njiani na wapo waliofia foleni. Waliokuwa wanatumia dawa za kupunguza makali ya virusi wakaziacha, wakisema wamepona. Hao hawakuwa wakata tamaa. Sijawahi kuona matumaini makubwa kama ya mwaka ule. Yule aliyekunywa kikombe akarudi nyumbani akaendelea na vidonge vyake, hakupata hasara yoyote zaidi ya nauli. Aliyekunywa akaacha vidonge, kwa wengine tulizika.

Siku hizi si kikombe. Siku hizi mtu unampima sukari inasoma 18, unamweleza, anakuangalia kwa tabasamu: "Sista, huo ugonjwa mimi siupokei." Mwanzoni nilikuwa sijui nijibu nini. Dada mmoja aliniambia hivyo, mtu amevaa vizuri, ana matumaini kutuzidi wote humu. Maneno huumba, akaniambia, wewe muuguzi usiniumbie. Alirudi baada ya muda na kidonda cha mguu kinachonuka. Baadaye nilijifunza kusema, "Sawa, usiupokee ugonjwa. Pokea dawa." Wapo waliocheka wakapokea. Ukishindana na imani ya mtu unampoteza. Mpe kazi ya kufanya ndani ya imani yake. Masheikh na wachungaji mliopo, hilo mnaliweza kuliko sisi. Mtume alimwambia yule bedui mfunge ngamia wako kisha umtegemee Mungu. Na Wakristo wanajua Mtume Paulo alisafiri na Luka, ambaye alikuwa tabibu.

Nina jambo moja zaidi, na hili linaniuma. Mara nyingi mkata tamaa ana sababu. Msomi akija kutoka mjini akamwambia mama wa kijijini "kuwa na mtazamo chanya", namwonea mama huruma na msomi pia. Mama ameamka saa kumi usiku, amelipa nauli ya bodaboda, amekaa kwenye benchi mpaka saa saba, ameambiwa dawa hakuna, kanunue duka la nje. Hana hela ya duka la nje. Akikata tamaa, amepiga hesabu tu, na hesabu yake ni sahihi.

Kabla ya mwaka 2004, kwenye wodi zetu, mwenye virusi vya UKIMWI tulimrudisha nyumbani akafie kwa watu wake. Wagonjwa walikata tamaa, na sisi tulikata tamaa pamoja nao, tunageuza nyuso tukipita kitandani. Kisha dawa zikaanza kutolewa bure. Sikuona semina yoyote ya matumaini. Niliona jirani anamwona jirani aliyebebwa kwenye mkokoteni anarudi sokoni kuuza nyanya. Hapo watu wakaanza kuja kupima wenyewe. Mwaka 2000 umri wa kuishi Tanzania ulikadiriwa kuwa miaka 50 na kidogo, leo umevuka 60. Miaka hiyo imeletwa na dawa hizo, na chanjo, na vyandarua. Matumaini yalifuata nyuma ya dawa, kisha ndiyo yakawafanya watu waendelee kuzimeza. Kwa hiyo mnapowauliza viongozi wenu dawa ziko wapi kwenye zahanati, msiambiwe mnalalamika.

Kuhusu kama mtu anaweza kubadilika uzeeni: watafiti waliochunguza mapacha huko Sweden walikadiria kwamba karibu robo tu ya tabia hii tunazaliwa nayo. Iliyobaki tumeiokota njiani. Na ujue kwamba hata jinsi unavyousema uzee wako ni sehemu ya jambo hili. Mtafiti mmoja wa Marekani, Becca Levy, alifuatilia watu 660 wa mji mmoja wa jimbo la Ohio waliokuwa na miaka 50 na zaidi. Wale ambao hawakukubali kwamba kuzeeka ni kuwa mzigo usio na faida waliishi kwa wastani miaka 7.5 zaidi ya walioukubali, na alizingatia afya waliyokuwa nayo mwanzoni. Basi yule mzee ambaye kila akiulizwa habari anajibu "aa, sisi tumeshapita, tunasubiri tu", tafadhali tumpe kazi. Awe mweka hazina.

Mimi nawapa kitu kimoja cha kufanya, na si kufurahi. Kila mtu humu atafute mwenzake mmoja wa kuonyeshana karatasi za vidonge kila mwisho wa mwezi. Kama mmoja ni mchangamfu na mwingine ni Fundi, vizuri zaidi: mchangamfu atamvuta mwenzake kliniki, na Fundi atamkumbusha mwenzake kwamba binadamu hufa.

Sasa pale karibu na mlango vijana wa zahanati wametuletea mashine mbili za presha na moja ya sukari. Aliyekunywa kahawa au aliyevuta sigara sasa hivi asubiri nusu saa. Ukifika mbele, kaa kwanza dakika tano, miguu yote chini, usikunje nne, na ukome kuongea, najua kwa wengine hilo ndilo gumu. Usiulize tu "iko sawa?" Uliza namba, uiandike. Katibu ameniambia yeye yuko fiti, hajapima tangu astaafu na hana haja. Katibu, wewe ndiye wa kwanza. Kunja mkono wa shati.